Kukaza Ngozi ya Uso kwa Mawimbi ya Redio: Mambo ya Kujua Kabla ya Kulipa



Kitenge chenye kasoro hurudishwa dukani, na simu mbovu hubadilishwa. Uso haurudishwi. Kwa sababu hiyo, huduma yoyote inayogusa uso yafaa ichunguzwe kabla fedha haijatoka mfukoni.

Somo hili linahusu mashine zinazokaza ngozi ya uso kwa joto la mawimbi ya redio, bila kisu na bila kushona. Huduma hii hutangazwa katika miji mikubwa ya Afrika Mashariki, na mashine ndogo za kutumia nyumbani huuzwa mitandaoni na kufika popote penye basi la abiria. Mkazi wa Turwa, katika mji wa Tarime, au wa vijiji vya Serengeti, anaweza kukutana nayo akiwa safarini Mwanza, akivuka mpaka pale Sirari, au akiwa amekaa kwake na simu mkononi. Sheria za kumlinda zipo, lakini hazimsaidii asiyejua la kuuliza.

Ukimaliza somo hili utaweza:

(a) kueleza namna mashine hizi zinavyofanya kazi;
(b) kutambua watu wasiopaswa kuzitumia;
(c) kupima ukweli wa tangazo;
(d) kujua hatua za kuchukua na mahali pa kwenda ukipata madhara.

1. Kwa nini ngozi hulegea

Ndani ya ngozi, chini ya tabaka la juu tunaloliona, kuna nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Hizo ndizo zinazoishikilia ngozi, mfano wa fito zinavyoshikilia udongo wa ukuta. Kadiri umri unavyosonga, mwili hutengeneza kolajeni kidogo zaidi na ile iliyopo hukatikakatika. Jua kali na uvutaji wa sigara huharakisha uharibifu huo. Kupungua uzito kwa ghafla pia huacha ngozi ikiwa imelegea.

Hapa kuna tahadhari ambayo haihusu urembo. Uso ukilegea upande mmoja kwa ghafla, mdomo ukapinda, mkono ukakosa nguvu au maneno yakawa hayatoki vizuri, usitafute mashine ya kukaza ngozi. Hizo ni dalili za kiharusi. Mgonjwa apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

2. Mashine hufanyaje kazi

Umeme wa majumbani nchini Tanzania hukamilisha mizunguko 50 ya kubadili mwelekeo kwa sekunde, na mtu akiuguza hupigwa shoti kwa kuwa misuli na mishipa ya fahamu huusikia. Mwaka 1891 mwanasayansi wa Ufaransa, Arsène d'Arsonval, alionyesha kwamba umeme unaobadili mwelekeo kwa kasi kubwa sana haushtui misuli, bali huzalisha joto. Mashine za kukaza ngozi hutumia kanuni hiyo. Nyingi hufanya kazi kati ya megahezi 0.3 na 10, yaani mizunguko kuanzia laki tatu hadi milioni kumi kwa sekunde. Kwa kulinganisha, stesheni za redio za FM hurusha matangazo kati ya megahezi 88 na 108. Mawimbi haya si mionzi ya eksirei. Hatari yake kubwa ni joto.

Umeme huo unapopita ndani ya ngozi hukutana na ukinzani, na ukinzani huo huzaa joto. Joto la kawaida la mwili ni nyuzi 37. Kolajeni huanza kujikunja inapopashwa hadi kiasi cha nyuzi 60 kwa muda mfupi sana. Baada ya hapo mwili huliona eneo hilo kama jeraha dogo la ndani, ukaanza kujenga kolajeni mpya kwa muda wa miezi kadhaa. Mashine nyingine hutumia joto dogo zaidi na kulirudia kwa vikao vingi. Katika hizo, ngozi ya juu hushikiliwa kwenye nyuzi 40 hadi 42 hivi.

Hili ndilo jambo la msingi katika somo zima. Joto linalokaza ngozi ndilo hilo hilo linaloiunguza. Ngozi ya juu ikifikia nyuzi 60, sekunde chache zinatosha kuleta jeraha kubwa la moto. Kinachotenganisha tiba na ajali ni uwezo wa mashine kupima na kuzuia joto, pamoja na mkono wa mtu anayeiendesha. Akikisimamisha kichwa cha mashine mahali pamoja kwa muda mrefu, jeli ikikauka, au kichwa kisipoigusa ngozi sawasawa, joto hurundikana.

Mashine zipo za namna mbili kuu. Katika namna ya kwanza, ncha moja hupita usoni na umeme hurudi kupitia bati linalobandikwa mgongoni au sehemu nyingine ya mwili. Hii hufika ndani zaidi, na bati lisipobandikwa vizuri laweza kuunguza pale lilipo. Katika namna ya pili, ncha zote ziko kwenye kichwa kimoja, na joto hubaki karibu na juu ya ngozi. Kabla ya kazi kuanza, hereni, mkufu na kipini vyote vivuliwe.

3. Matokeo gani utarajie

Matokeo ya kweli ya mashine hizi ni ya wastani. Hufaa zaidi kwa ngozi iliyolegea kidogo. Ngozi inayoning'inia sana shingoni haitarudi kama ilivyokuwa ujanani, na mashine haiwezi kufanya kazi ya upasuaji. Wapo watu ambao hawaoni mabadiliko yoyote ya maana hata baada ya kukamilisha vikao.

Tahadhari pia na furaha ya siku ya kwanza. Mara baada ya kikao, uso huvimba kidogo kwa sababu ya joto, na uvimbe huo hujaza makunyanzi. Mteja hujitazama kwenye kioo na kuona amekuwa kijana. Baada ya siku chache uvimbe hushuka na makunyanzi hurejea. Matokeo halisi hupimwa baada ya miezi miwili hadi sita. Kwa hiyo picha ya "kabla na baada" iliyopigwa siku moja haithibitishi kitu, hasa ikiwa mwanga na mkao wa kichwa vimebadilishwa.

Piga hesabu ya gharama yote. Tuseme kikao kimoja ni shilingi 80,000 nawe umeambiwa uhitaji wa vikao 6. Hiyo ni shilingi 480,000, kabla hujaongeza nauli na siku ambazo biashara au shamba litasimama. Takwimu hizi ni za kufundishia hesabu tu, si bei ya soko. Uliza pia kama baada ya mwaka itabidi kurudia, kwa kuwa ngozi huendelea kuzeeka hata baada ya tiba.

4. Ngozi nyeusi na mawimbi ya redio

Wapo wauzaji wanaosema kuwa mashine hizi ni salama kwa ngozi nyeusi. Kauli hiyo ina ukweli na ina upungufu.

Ukweli ni huu: mwanga wa leza hufyonzwa na melanini, yaani rangi ya ngozi, kwa hiyo ngozi nyeusi huweza kuungua kwa urahisi leza isipochaguliwa kwa uangalifu. Mawimbi ya redio hayachagui rangi. Upungufu ni kwamba, ikiwa joto limezidi na ngozi ikaungua, ngozi nyeusi huacha alama kwa wepesi zaidi. Madoa meusi yanaweza kudumu kwa miezi mingi, na wengine huota keloidi, yaani kovu linalovimba na kuendelea kukua. Aliyewahi kuota keloidi baada ya kutoboa masikio au kupata jeraha dogo aliseme hilo mapema.

Kundi jingine la kuwa macho ni wale waliotumia mkorogo. Krimu za kujichubua zenye steroidi hupunguza unene wa ngozi, na zile zenye zebaki au haidrokwinoni nazo huidhuru. Viambata hivyo vimepigwa marufuku katika vipodozi nchini. Ngozi iliyokonda kwa mkorogo haivumilii joto kama ngozi nzima. Usione aibu kumweleza mtoa huduma. Aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko kovu la maisha.

5. Mashine zenye sindano ni jambo jingine

Baadhi ya mashine huunganisha mawimbi ya redio na sindano ndogo zinazotoboa ngozi na kutoa joto ndani yake. Hizi haziwi tena huduma isiyoingia mwilini, hata kama tangazo linasema "bila upasuaji". Mwezi Oktoba 2025 mamlaka ya Marekani inayosimamia dawa na vifaa tiba, FDA, ilitoa tahadhari kwa umma baada ya kupokea taarifa za watu walioungua, waliopata makovu, waliopoteza mafuta ya chini ya ngozi hata sura kuharibika, na waliodhurika mishipa ya fahamu. Baadhi walihitaji kufanyiwa upasuaji ili kurekebishwa. Mamlaka hiyo ilieleza kwamba mashine hizo si za kutumiwa nyumbani.

Ukiona sindano, uliza kama kwa daktari: nani anazishika, zimetakaswa vipi, na je, ni mpya kwa kila mteja? Sindano iliyotumika kwa mtu mwingine yaweza kuambukiza homa ya ini au virusi vya UKIMWI.

6. Nani asitumie

Usikubali huduma hii bila ushauri wa daktari ikiwa:

- una kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, au kifaa kingine chochote cha umeme ndani ya mwili;
- una chuma kilichowekwa na madaktari katika eneo linalotibiwa au karibu nalo;
- una ujauzito;
- una vidonda, vipele vyenye usaha au ugonjwa wa ngozi usoni;
- ngozi yako hupata ganzi na huhisi joto sawasawa;
- umewahi kuota keloidi, au umetumia mkorogo karibuni;
- umechomwa sindano za kujaza mashavu au midomo;
- unatumia dawa kali za chunusi za kumeza.

Zingatia suala la ganzi. Maumivu ni mlinzi wako. Katika huduma ya juu ya ngozi, mteja anaposema "panauma" ndipo mtoa huduma hujua joto limezidi. Anayekupaka krimu kali ya ganzi ili ukae kimya amemwondoa mlinzi huyo mlangoni.

7. Mazungumzo ya mfano

Soma mazungumzo haya ya kufundishia kati ya mteja na mtoa huduma, kisha hesabu dalili za hatari.

— Shikamoo, mama. Karibu ndani.

— Marahaba, mwanangu. Nimesikia mna mashine ya kukaza ngozi. Kabla sijakaa, naomba unionyeshe jina lake na kampuni iliyoitengeneza.

— Ni mashine nzuri sana, mama. Imetoka nje.

— Uzuri wake nimeusikia. Nauliza jina. Je, imesajiliwa hapa nchini?

— Ina kibali cha FDA, mama. Cheti kiko kwa bosi, amesafiri.

— Na atakayenishika uso ni nani?

— Ni mimi mwenyewe. Aliyetuuzia mashine alinionyesha jinsi ya kuiwasha.

— Hujaniuliza kama nina ugonjwa wowote, wala kama nina chuma mwilini.

— Hakuna shida, mama, haina madhara kabisa. Na ukilipa vikao vyote leo, tunakupunguzia nusu.

— Asante, mwanangu. Bosi akirudi na cheti, nami nitarudi.

Mama huyu hakugombana wala hakumdharau kijana. Ameokoa fedha yake na uso wake. Dalili zilizojitokeza ni tano. Kwanza, mashine haina jina linaloonyeshwa. Pili, kibali kinachotajwa ni cha nchi nyingine. Mashine ya kwanza ya aina hii ilipata kibali Marekani mwaka 2002, na kilikuwa cha makunyanzi ya eneo la macho. Kibali hutolewa kwa mashine fulani na kwa matumizi fulani, hakizifuniki zote zinazofanana nayo. Tatu, mafunzo ya mwendeshaji ni kuwasha na kuzima. Nne, mteja hakuulizwa habari za afya yake. Tano, anaharakishwa alipe yote siku hiyo. Maneno "haina madhara kabisa" nayo yatiliwe shaka daima, maana hakuna tiba inayogusa mwili isiyo na hatari hata ndogo.

8. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipa

1. Mashine hii inaitwaje, imetengenezwa na nani, na imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA)?
2. Ina sindano au haina?
3. Inapimaje joto la ngozi yangu wakati wa kazi?
4. Anayeiendesha amesomea nini, na yuko chini ya daktari gani? Usajili wa daktari husimamiwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na una haki ya kuuulizia.
5. Nitahitaji vikao vingapi, na gharama yote ni kiasi gani?
6. Nikipata madhara, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?
7. Picha zangu zitatumika wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inalinda taarifa zako. Uso wako usiwe tangazo bila ridhaa yako.

Dai risiti halali ya mashine ya EFD, na uhifadhi tangazo lililokuvutia, hata kama ni picha ya simu. Huo ndio ushahidi wako. Usisaini fomu ya ridhaa usiyoielewa. Omba isomwe na kufafanuliwa kwa Kiswahili.

Kwa mashine ya nyumbani, kanuni ni ile ile. Isiyo na jina la mtengenezaji, isiyo na maelekezo ya matumizi katika lugha unayoielewa, au iliyokwisha tumiwa na mtu mwingine, usiiwashe usoni mwako.

9. Ukiungua

Wekundu kidogo na joto la saa chache ni mambo ya kawaida. Malengelenge, maumivu yanayoongezeka, ngozi kubadilika kuwa nyeupe au nyeusi, shavu kubonyea, au sehemu ya uso kupoteza hisia, si ya kawaida. Mwambie mtoa huduma aache mara moja. Poza eneo kwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Usitumie barafu, dawa ya meno wala mafuta ya kupikia, na usitumbue malengelenge. Kisha nenda kituo cha afya kilicho karibu. Kwa mkazi wa Turwa, anzia Hospitali ya Mji wa Tarime. Ikibidi, wataalamu watakupa rufaa kwenda Musoma au Hospitali ya Kanda ya Bugando, Mwanza. Piga picha ya jeraha siku hiyo hiyo, na uandike tarehe, jina la mashine na jina la aliyekuhudumia.

10. Mahali pa kutoa taarifa

- Madhara ya mashine au mashine isiyosajiliwa: TMDA, ambayo tangu Julai 2019 ndiyo inayosimamia dawa, vifaa tiba na vitendanishi.
- Vipodozi vyenye viambata vilivyopigwa marufuku: Shirika la Viwango Tanzania (TBS), lililokabidhiwa jukumu la vipodozi mwaka 2019.
- Tangazo la uongo au la kupotosha: Tume ya Ushindani (FCC), chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.
- Mwenendo wa daktari: Baraza la Madaktari Tanganyika.

Usikae kimya kwa kudhani jeraha lako ni dogo. Taarifa moja huweza kuizuia mashine isimguse mtu wa pili.

11. Njia za gharama nafuu

Kabla ya mashine yoyote, linda kolajeni uliyo nayo. Nyanda za Tarime ziko juu, na kadiri mahali palivyo juu ndivyo miale ya jua inayodhuru ngozi inavyoongezeka, hata pale ubaridi unapomfanya mtu asihisi ukali wake. Kofia pana shambani, mwavuli sokoni, mafuta ya kuzuia miale ya jua kwa anayeweza kuyapata, kuacha sigara na kuacha mkorogo ni hatua zisizounguza mtu.

Jipime

1. Kwa nini uso huonekana mzuri zaidi siku ya kwanza kuliko wiki inayofuata?
2. Je, mawimbi ya redio huchagua rangi ya ngozi?
3. Kwa nini krimu kali ya ganzi ni hatari katika huduma ya juu ya ngozi?
4. Uso umelegea upande mmoja kwa ghafla. Uende wapi?

*Majibu:* 1. Ni kwa sababu ya uvimbe unaojaza makunyanzi. 2. Hapana, lakini ngozi nyeusi ikiungua huacha alama kwa wepesi. 3. Huondoa maumivu yanayoonya kwamba joto limezidi. 4. Hospitali, bila kuchelewa.

Kutaka kupendeza si kosa, na mzee hakatazwi kujitunza. Tunachokuomba ni kwamba, siku utakapokaa kwenye kiti hicho, uwe umeuliza maswali yote na kupewa majibu yanayoeleweka. Asiyeweza kukujibu kabla ya kulipwa hataweza kukujibu baada ya kulipwa.